Hema linaingiza maji: tafuta yalikopitia kabla ya kununua dawa

Mtu analala hemani usiku wa mvua, anaamka na kupapasa miguuni, anakuta mfuko wa kulalia umelowa. Kesho yake ananunua kopo la dawa ya kuzuia maji na kulipulizia hema zima. Mvua inayofuata, hema linalowa vilevile. Dawa haikuwa mbovu, ila maji hayakuwa yamepita kwenye kitambaa. Yalitoka katika pumzi za waliolala humo, au yalipanda kutoka chini ya sakafu, au yalifuata uzi wa mshono mmoja tu. Kila chanzo kina tiba yake, na tiba ya kimoja haisaidii kingine hata kidogo. Kwa hiyo nashauri kwa moyo wote: usishike gundi wala dawa ya kupulizia mpaka uwe umejua maji yaliingilia wapi. Mahema mengi yanayosemwa kwamba yanavuja hayavuji kabisa.

## Soma unyevu kabla haujakauka

Jibu maswali matatu ukiwa bado kambini: maji yameonekana wapi, yalianza lini, na ni kiasi gani. Ukishakunja hema na kufika nyumbani, ushahidi umekauka au umechanganyika.

Matone madogomadogo yaliyoenea sawasawa ukutani na darini ni mvuke uliogeuka maji. Tone linalodondoka mahali palepale kila baada ya muda mfupi ni mshono au tundu. Dimbwi la kona moja, huku katikati ya sakafu pakavu, linaelekeza kwenye kona yenyewe, kwenye turubai lililotandikwa chini ya hema, au kwenye maji yaliyosafiri. Hili la kusafiri lizingatie sana. Maji yakishaingia huteremka upande wa ndani wa kitambaa, hufuata ufito, hushika mshono na kwenda nao, kisha hukusanyika pale palipo chini kuliko kwingine. Dimbwi linaonyesha yalikoishia tu. Weka kidole kwenye unyevu, upande nao juu mpaka ufike pakavu. Karibu na mpaka huo ndipo yalipoingilia.

Wakati nao unasema mengi. Maji yaliyoonekana dakika chache tangu mvua ianze yamepata njia iliyo wazi: tundu, mshono uliofumuka, zipu isiyofunikwa, dirisha la hewa lililoelekea upepo. Yaliyochelewa kwa saa kadhaa mara nyingi yamepitia sakafuni baada ya ardhi kushiba, au hema la nje, yaani tabaka la juu linalokinga mvua, limelegea na kugusana na la ndani. Yaliyoonekana alfajiri tu, yawe ya usiku wa mvua au wa anga kavu, yahesabu kuwa ni mvuke mpaka ithibitike vinginevyo.

## Kuta zina matone kwa ndani, na hakuna linapovuja

Hii ndiyo dalili inayodanganya watu wengi kuliko zote, na ndiyo inayouza dawa nyingi zisizohitajika.

Mtu mzima aliyelala hutoa maji kwa pumzi na kwa ngozi, na kwa usiku mmoja hufika robo lita au zaidi. Wawili wakilala hema moja, hiyo ni nusu lita iliyopanda hewani humo ndani. Ongeza nguo zilizonyeshewa, viatu vyenye tope, na udongo mbichi ulio wazi chini ya baraza ya hema. Kitambaa cha hema la nje ni chembamba na hupoa haraka. Usiku usio na mawingu hupoa hata kuliko hewa inayokizunguka, kwa kuwa joto lake hutoroka moja kwa moja kuelekea angani. Mvuke ukikigusa hugeuka matone. Ndiyo sababu hema linaweza kulowa ndani usiku ambao haikunyesha hata kidogo. Mvua ikinyesha hali huwa mbaya zaidi, kwani hewa ya nje tayari imejaa unyevu, na waliomo wameshafunga kila tundu kwa kuogopa kunyeshewa.

Kinachowachanganya watu ni jambo moja. Mvua inapolipiga hema la nje, matone yaliyoning'inia upande wa ndani hutikisika na kuanguka kama manyunyu mepesi. Aliyelala chini yake anaapa kwamba mvua inapenya kitambaa, na huwezi kumlaumu, kwa sababu anapata maji usoni kila mvua inapozidi.

Kuna vipimo viwili vya kumaliza ubishi. Cha kwanza, futa upande wa ndani wa hema la nje kwa kitambaa kikavu wakati mvua inanyesha, kisha subiri. Unyevu ukirudi polepole na kwa usawa eneo zima, ni mvuke. Ukirudi haraka kwenye mstari mmoja au nukta moja, hapo pana njia ya maji. Cha pili kinahitaji usiku mzima lakini majibu yake ni ya wazi zaidi: bandika kipande cha plastiki nyembamba kwa ndani, ukizungushia utepe pande zote nne. Asubuhi tazama maji yako upande gani wa plastiki. Yakiwa upande unaokutazama, ni mvuke wa hemani. Yakiwa kati ya plastiki na kitambaa, basi kitambaa kimepitisha.

Tiba ya mvuke ni hewa kupita, na hakuna dawa ya kopo inayoweza kuchukua nafasi hiyo. Hewa yenye uvuguvugu hupanda, kwa hiyo tundu la juu hutoa na uwazi wa chini huingiza, na kufungua kimoja bila kingine hakuleti mzunguko wa maana. Fungua madirisha ya hewa ya juu hata kama mvua inanyesha, kwani mengi yametengenezwa na kofia juu yake kwa kazi hiyohiyo. Acha sehemu ya zipu ya mlango wa baraza wazi, upande ambao upepo hautokei. Vuta pindo la hema la nje liwe mbali na la ndani ili hewa ipite kati yake. Nguo mbichi ziingie kwenye mfuko uliofungwa na kubaki barazani. Asubuhi, kabla hujaanza kuvaa na kugonga kuta kwa viwiko, futa matone kwa kitambaa kidogo.

Watu wengine huwasha jiko la gesi ndani ili kukausha hema. Hilo ni kosa mara mbili. Gesi ikiungua hutoa mvuke mwingi, kwa hiyo unaongeza maji badala ya kuyapunguza. Na jiko, liwe la gesi au la mkaa, likiwaka ndani ya hema lililofungwa hujaza kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi ambayo imeua watu wakiwa usingizini. Usipike wala usiwashe moto wowote ndani.

Mahali pa kusimamisha hema pana mchango wake pia. Bondeni na kando ya maji hewa baridi yenye unyevu hutuama usiku. Kupanda mita chache tu kuelekea mwinuko hupunguza matone. Chini ya miti hema hupoa kidogo kuliko uwandani, ila kabla ya kupachagua tazama juu kwanza kama kuna tawi kavu.

Ukiwa na hema la kitambaa kimoja, lisilo na la ndani na la nje, tarajia matone zaidi na uzoee kufuta. Ndivyo lilivyoundwa.

## Tone moja linadondoka mahali palepale

Hapa sasa ni kuvuja kweli, na mtuhumiwa wa kwanza ni mshono. Kila sindano ilipopita imeacha tundu. Kiwandani matundu hayo huzibwa kwa utepe unaobandikwa kwa joto upande wa ndani. Utepe huo huzeeka kabla ya kitambaa: huanza kuinuka kingo, hupata weupe, huvimba mapovu, kisha humenyuka vipande virefu. Ukiuona hivyo huna haja ya kutafuta zaidi. Mahema ya kitambaa kilichopakwa silikoni, mpako laini unaoteleza wa kuzuia maji, pande zote mbili hayashiki utepe kabisa, na baadhi huuzwa bila mishono kuzibwa, mnunuzi akitarajiwa kuziba mwenyewe. Soma karatasi iliyokuja na hema. Wengi huitupa na baadaye kudhani wameuziwa hema bovu.

Sehemu zinazoanza mapema ni zile zinazovutwa: pale vitanzi vya kamba viliposhonewa, mishono miwili inapokutana, mwisho wa zipu, na mshono wa mgongo wa hema unaobeba mvua yote.

Kuitafuta kunahitaji watu wawili, mpira wa kumwagilia na saa moja ya subira. Simamisha hema likiwa kavu na lililonyooka vizuri. Mmoja akae ndani na tochi na chaki, mwingine amwagie maji kwa nje. Aanze chini na kupanda, akisimama dakika kadhaa kila hatua. Ukianza juu, maji yatateremka na kulowesha kila kitu, na hutajua mshono upi umeanza. Usibane mdomo wa mpira upate mkondo wa nguvu, kwa sababu mvua haipigi hivyo na utapata matundu ambayo hayana tatizo. Aliye ndani akiona unyevu aweke alama mara moja. Matundu madogo ya kitambaa chenyewe hutafutwa kwa njia nyingine: usiku, tochi ikiwa nje imebanwa kwenye kitambaa na wewe ukiwa ndani, kila tundu litaonekana kama nukta ya mwanga.

Kabla ya kuziba, jua kitambaa chako kimepakwa nini, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mpako huwa wa silikoni au wa poliurethani, aina ya plastiki. Gundi ya poliurethani haishiki kwenye silikoni. Itakauka vizuri, itapendeza, kisha itabanduka yote kwa mkupuo mmoja. Kwenye silikoni hushika silikoni tu. Kipimo rahisi ni utepe wa kawaida wa karatasi: bandika kwenye kitambaa safi, ukishika vizuri ni poliurethani, ukiteleza na kuachia ni silikoni. Pima pande zote mbili, kwa sababu vitambaa vingi vya kisasa vina silikoni nje na poliurethani ndani. Kwa hivyo gundi ya poliurethani ipakwe ndani, na ya silikoni ipakwe nje.

Ondoa utepe wote uliolegea, lakini ule ulioshika bado uache. Safisha mshono kwa kitambaa chenye spiriti, acha ukauke. Paka gundi kwa brashi ndogo, tabaka jembamba linaloingia kwenye matundu ya uzi na kuzidi milimita chache kila upande. Fanya hivyo hema likiwa limesimama na kuvutwa, kwa kuwa mvuto hufungua matundu na gundi huingia. Silikoni safi ya kuzibia, ile inayotoka kwenye mrija, inafaa kabisa kwa hema la silikoni ukiichanganya na tapentaini ya kuchanganyia rangi ya mafuta mpaka iwe nyepesi ya kutiririka kwenye brashi. Fanyia kazi hiyo nje penye hewa, mbali na moto. Ipe siku nzima ikauke, kisha nyunyiza poda kidogo juu ya mistari yote, la sivyo hema likikunjwa litajigundisha lenyewe.

## Sakafu imelowa

Kuna njia tano za sakafu kulowa, na watu hukimbilia ile ya mwisho.

Ya kwanza ni turubai la chini kuzidi ukubwa wa hema. Ukitandika turubai likajitokeza hata kidogo nje ya pindo la hema la nje, linakinga mvua na kuipeleka moja kwa moja chini yako. Maji yanabaki yamenaswa kati ya turubai na sakafu, yakikandamizwa na uzito wa waliolala. Likunje liwe ndani ya ukingo wa sakafu pande zote, na mikunjo ielekee chini. Ni marekebisho ya dakika moja, na kwa maoni yangu ndiyo yanayookoa usiku mwingi kuliko mengine yote.

Ya pili ni mahali. Penye udongo ulioshindiliwa na mahema ya waliotangulia pana tabia ya kuwa chini kidogo kuliko pembeni, na udongo huo haunywi maji tena. Mchana unaonekana tambarare safi ya kuvutia, lakini usiku unageuka dimbwi. Mchanga na changarawe hupitisha maji, ilhali mfinyanzi huyatuamisha. Tafuta mteremko mdogo na uangalie kama nyasi zimelala upande mmoja au majani makavu yamejipanga mistari, kwani hizo ni alama za maji yaliyopita mvua iliyotangulia. Kuchimba mfereji kuzunguka hema hakushauriwi: kunaharibu ardhi, na hifadhi nyingi hukataza. Ukilazimika kuchimba, umesimama mahali pasipofaa.

Ya tatu ni mvuke tena. Chini ya godoro jembamba, joto la mwili husukuma unyevu kuelekea sakafu baridi, na asubuhi ukiinua godoro unakuta maji ya umbo la godoro lenyewe. Umbo hilo ndilo ushahidi. Inua godoro likauke kila siku.

Ya nne ni maji ya kuruka. Mvua kubwa ikipiga ardhi ngumu huruka na kupita chini ya pindo la hema la nje, ikilowesha ukuta wa ndani ulio juu ya kingo za sakafu. Sakafu nzuri huinuka pembeni kama beseni, lakini zisipovutwa na vigingi vyake kingo hizo hulala chini na kuingiza. Shusha pindo, vuta kona, na kama ardhi ni tupu tandaza majani makavu pale matone yanapoangukia.

Ya tano ndiyo kitambaa. Lebo ya hema huwa na namba ya milimita, kwa mfano 1,500 au 3,000. Hicho ni kimo cha safu ya maji ambayo kitambaa kilihimili maabara kabla ya kupitisha. Katika kipimo cha kimataifa kiitwacho ISO 811, shinikizo huongezwa mpaka maji yatokeze mahali patatu. Safu ya mm 1,000 ni sawa na takriban sehemu moja ya kumi ya shinikizo la hewa tunayoishi ndani yake. Matone ya mvua hayahitaji namba kubwa, na hema la nje la mm 1,500 linastahimili mvua ya kawaida vizuri. Sakafu ni habari nyingine. Mtu mzima akipiga magoti, uzito wake wote unasimama juu ya eneo dogo sana, na penye ardhi iliyolowa maji husukumwa juu kwa nguvu inayozidi safu hiyo mara kadhaa. Ndiyo maana sakafu nyingi hutengenezwa kwa mm 3,000 hadi 5,000 na hata zaidi. Kumbuka kwamba namba hiyo ni ya kitambaa kipya, na sakafu ndiyo inayosuguliwa na mawe na mchanga kuliko sehemu nyingine yoyote.

Ukiona doa la maji pale tu unapopiga magoti au kuegemea kiwiko, ni kitambaa kilichochoka. Thibitisha hivi: kausha hema, inua kingo za sakafu pande zote, mimina maji ndani yapate kimo cha vidole viwili, subiri robo saa, kisha chungulia chini yake. Nukta moja moja ni matundu, zitie gundi inayofaa na kiraka kwa yanayozidi ncha ya kalamu. Eneo zima likitoa unyevunyevu, mpako umekwisha, na utapaka upya au utalala juu ya plastiki nzito iliyotandikwa ndani. Plastiki hiyo ni suluhisho la heshima kabisa. Ikate izidi kidogo ukubwa wa sakafu ili kingo zipande ukutani.

## Usiku wa manane hema limelegea

Nailoni hunywa maji kiasi na kurefuka. Hema lililonyooka jioni, saa sita usiku limebonyea na kulala juu ya la ndani. La ndani halizuii mvua, kwa hiyo yanapogusana maji yanapita. Poliesta hurefuka kidogo sana, na kwa nchi za mvua ndefu naipendelea kwa sababu hiyo. Mwenye hema la nailoni aizoee kazi hii: mvua ikishanyesha nusu saa, toka nje na ukaze kamba zote upya kabla ya kulala. Kaza kwa zamu, upande mmoja kisha wa pili, usije ukalipinda hema.

Kigingi kilichong'oka kwenye tope huleta dalili hiyohiyo. Kipigilie kichwa kikiwa kimeinama kuelekea mbali na hema, na penye udongo laini tumia kirefu au weka jiwe juu ya kamba.

Kuna kuvuja kunakosababishwa na kamba yenyewe. Maji hutembea juu ya kamba iliyoinama kuelekea hema, na kama kamba hiyo inapita tundu au imefungwa kwenye ufito ulio ndani, yataingia nayo. Funga kipande kifupi cha uzi kikining'inia kwenye kamba, shubiri moja kabla haijafika hemani; maji yatakifuata na kudondoka nje.

## Mvua haitelezi tena, inanywewa na kitambaa

Kitambaa kipya kina tabaka la juu linalofanya maji yajikunje matone na kuteleza. Tabaka hilo likichakaa, kitambaa hunywa maji, hugeuka rangi, huwa kizito. Hii haimaanishi kwamba maji yanaingia ndani. Anayezuia maji ni mpako wa upande wa chini, naye anaweza kuwa mzima kabisa. Lakini kitambaa kilicholowa hupoa zaidi, huongeza mvuke ndani, huchelewa kukauka na hulegea mapema, kwa hiyo ni vyema kulirudisha tabaka hilo.

Osha kwanza, maana mara nyingi ni uchafu tu, vumbi na moshi, uliofunika tabaka. Tumia maji ya baridi au vuguvugu, sponji laini na sabuni ya asili isiyo na manukato. Sabuni ya unga, dawa ya kung'arisha na ya kulainisha nguo huacha mabaki yanayovuta maji. Mashine ya kufulia hukwaruza mpako na kufumua mishono. Ukishasuuza, nyunyiza maji: yakiteleza, umemaliza bila kununua kitu. Yasipoteleza, hapo ndipo dawa ya kupulizia inapopata nafasi yake halali. Ipulizie hema likiwa safi na bichi, futa inayozidi baada ya dakika chache, acha likauke kivulini. Kwa kitambaa cha silikoni chagua dawa iliyoandikwa wazi kwamba inakifaa.

## Hema linanata, linanuka, linatoa magamba

Harufu kama ya matapishi, upande wa ndani unaonata, au vipande vyeupe vinavyodondoka: huo ni mpako wa poliurethani unaovunjwavunjwa na unyevu. Joto na unyevu wa kuhifadhiwa likiwa bichi huharakisha. Kukausha hakuurudishi mpako huo, wala kupulizia dawa juu yake.

Ukiwa na muda na hema lina thamani kwako, ukwangue. Sugua kwa brashi laini na maji ya vuguvugu yenye sabuni, yanayobaki yaondoe kwa spiriti, kausha kabisa, kisha paka mpako mpya wa kuzuia maji, wa aina inayoyeyushwa kwa maji, kwa tabaka mbili nyembamba. Ni kazi ngumu ya siku nzima na kitambaa chembamba hakiivumilii sana. Mimi ningeifanya kwa sakafu tu. Hema la nje lililofikia hapo kwa eneo lake lote, ningelibadilisha.

## Zipu na mlango

Zipu nyingi za hema hazizuii maji. Kinachozuia ni kifuniko cha kitambaa kilicho juu yake. Kifunge mpaka chini, na uelekeze mlango mbali na upepo. Kikijikunja ndani ya zipu, sukuma pembeni kwa kidole usivute kwa nguvu. Dawa ya mbu yenye DEET huyeyusha baadhi ya plastiki, kwa hiyo ipake mbali na madirisha ya plastiki na meno ya zipu.

## Hema la turubai la pamba

Hili lina sheria zake. Likiwa jipya, uzi wa pamba haujavimba bado, na litatona kwenye mishono mvua ya kwanza. Lisimamishe, limwagie maji lote, liache likauke, rudia. Nyuzi zitavimba na kuziba matundu zenyewe. Mvua ikinyesha usibonyeze ukuta kwa ndani wala kuegemeza mizigo, kwani pale palipoguswa maji huvutwa kupenya. Kamba za pamba hukaza zikilowa, kinyume cha nailoni, basi zilegeze kidogo mvua inapoanza ili zisirarue vitanzi.

## Mvua inanyesha na hema linavuja sasa hivi

Acha utafiti wa chanzo kwa kesho. Sogeza mfuko wa kulalia na nguo kavu katikati na uviingize kwenye plastiki. Kaza kamba. Tone lililo juu yako liongoze: bandika uzi au mkanda wa kitambaa pale linapotokea, upande wa pili uutumbukize kwenye chombo pembeni, maji yatafuata. Tundu likionekana, kausha eneo, futa kwa spiriti kama unayo, bandika utepe mpana wa turubai wenye kona zilizokatwa mviringo, nje na ndani. Kwenye silikoni utepe hautashika kwa muda mrefu, ila unaweza kukufikisha asubuhi. Ukiwa na turubai la ziada, lifunge juu ya hema lote kwa kuacha nafasi ya hewa kati, na hapo hata hema lililochoka hulala pakavu.

## Likirudi nyumbani

Hema lililokunjwa bichi, penye joto, huweza kuanza kuota kuvu ndani ya siku moja au mbili. Ukilazimika kulikunja mvuani, lifungue siku hiyohiyo ukifika, hata kama ni kulitandaza sebuleni. Angalia mikunjo ya mishono na mikanda, huko ndiko kunakobaki unyevu wakati kitambaa kimeshakauka. Lihifadhi kwa kulegea kwenye mfuko mkubwa wa nguo unaopitisha hewa. Madoa ya kuvu hayatoki yote, na klorini itaharibu kitambaa kabla ya kuyafuta.

Lianike kivulini, maana jua nalo hula hema. Miale yake hudhoofisha nailoni na poliesta kimyakimya, na hema lililosimama wazi msimu mzima huzeeka kuliko lililosafiri miaka. Kabla ya kutumia muda na pesa kuliziba hema kuukuu, shika kitambaa cha mgongo kati ya vidole na ukivute kwa nguvu pande mbili. Kikichanika, hakuna gundi wala dawa itakayolisaidia. Fito, vigingi, kamba na vitanzi vyake bado vina kazi, na sakafu ikiwa nzima ikate iwe turubai la chini la hema litakalofuata, pungufu ya ukingo kwa vidole vinne kila upande.